Mbuga za Shishiyu na Mimea Yake

Mtu wa pwani asikiapo neno "mbuga" huwaza nyika ya simba na pundamilia. Huku Shishiyu, katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, mbuga ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa. Mvua zianzapo mwezi wa Novemba hufumba, na maji yakasimama juu yake. Wala msomaji asidhani kuwa mimea ya hapo yaota kwa hiari yake tu. Mkono wa binadamu umo.

Zamani bondeni palikuwa na nyasi na migunga. Mpunga wataka maji yaliyotulia, basi wakulima wakainua matuta wakafanya majaruba. Humo hustawi pia mpunga-mwitu. Huo ndio mwenyeji hasa, maana mpunga wetu wa kawaida asili yake ni Asia. Lakini shambani hatutazami nasaba! Ukiwa mchanga haupambanuki na mpunga wa kupandwa. Punje zake zina ndevu ndefu, nazo hupukutika kabla ya mavuno. Mizizi yake hutambaa chini ya tope, na plau ikiikata, vipande huchipua upya. Yafaa kuung'oa wote na mizizi yake, kabla haujachanua.

Kwenye malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo huota mayungiyungi na ukoga wa kijani. Wanafunzi huuliza kama maji hayo yafaa kwa udhu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, maji yaliyogeuka kwa kukaa, kwa tope au kwa ukoga ni tahiri na yatahirisha. Yakigeuka rangi, ladha au harufu kwa najisi, hayafai, hata yakiwa mengi.

Kisha iko ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Tangu mwaka 1986, Maswa ikiwa bado chini ya Shinyanga, mradi wa HASHI uliwahimiza watu wazirudishe, na miti ikachipua yenyewe. Sasa mpunga una bei, na ngitili za bondeni zinakatwa majaruba. Mimi naona hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa plau yavutwa na ng'ombe. Malisho ya karibu yakiisha, hupelekwa mbali, na Novemba hurudi wamekonda, wakati wa kulima umekwisha kufika.