Mguu Una Mazoea Yake

Gari la seminari limebadilishwa klachi, na tangu hapo sisi mafrateri tunaoliendesha tumekuwa na mabishano tusiyoyatarajia. Mwenzetu mmoja anasema pedeli ni nyepesi mno. Mwingine anasema klachi inashika chini, karibu na sakafu. Wa tatu anasema gari ni zima, kasoro ni ya miguu yetu.

Si mabishano ya kupoteza muda. Land Cruiser hilo ndilo linalompeleka padre vigangoni, na njia ya kigango cha mbali ina mteremko mkali wenye kona. Klachi isipoachia sawasawa pale, dereva anayetafuta gia ndogo hataipata, na gari litashuka kwa breki peke yake. Nyuma kwa kawaida wamo wanakwaya.

Ukikanyaga pedeli, mafuta kwenye bomba husukuma beringi, beringi hubonyeza presha pleti, na klachi pleti huachiwa ili ubadili gia. Klachi inapochakaa, pedeli huwa nzito kidogo kidogo, polepole kiasi kwamba mguu hauna habari. Ikija mpya, wepesi wake unaonekana kama ubovu. Hapo yule wa tatu alikuwa na hoja.

Aristoteli aliliona jambo hili bila gari. Katika kitabu chake juu ya roho anasema hatuhisi kitu chenye joto sawa na letu. Tunahisi kinachozidi au kinachopungua. Darasani tulipita hapo haraka. Mguu uliozoea klachi iliyochoka unapima kila kitu kwa uchovu ule, kwa hiyo ushahidi wake haukubaliwi hivi hivi. Lakini haukataliwi pia, maana hatuna kipimo kingine tukiwa barabarani.

Tulichofanya ni kuuliza swali jingine: si kama pedeli ni ngeni, bali kama inabadilika. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, mkanyago wa kwanza ulizama kama sponji, na gia ya kurudi nyuma ililia. Tulipokanyaga haraka mara nne mfululizo, pedeli ilikaza, klachi ikashika juu zaidi, na gia ikaingia kimya. Klachi mpya haiwi na tabia mbili ndani ya dakika moja. Hiyo ni hewa kwenye bomba: hewa hubonyea, mafuta hayabonyei.

Fundi alitupokea kwa upole. “Mafrateri, klachi mpya ndivyo ilivyo, mtaizoea.” Jibu hilo lilikuwa na ukweli nusu, na nusu ya ukweli ni ngumu kuibishia kuliko uongo mtupu. Hatukubishana. Tulimwomba aliache gari lipoe, kisha akanyage mwenyewe, mara moja, halafu mara nne. Alikanyaga. Akanyamaza. Akaagiza spana namba 10 na mpira mwembamba.

Mmoja wetu akawa anakanyaga na kushikilia, yeye chini akifungua na kufunga nati ya kutolea hewa. Mapovu yalitoka kwenye chupa kwa muda, kisha mafuta matupu. Kesho yake asubuhi mkanyago wa kwanza ulikuwa sawa na wa nne.

Padre alikwenda kigangoni Jumapili hiyo na wanakwaya wake. Mwenzetu wa pedeli nyepesi bado analalamika.