Kiharusi Hakiangalii Umri



Sisi mafundi wa cherehani tulikuwa tukisikia kiharusi ni maradhi ya wazee wenye presha. Korona ikaja na mengine. Mwaka 2020 madaktari wa New York waliandika habari za wagonjwa 5 wa Korona waliopata kiharusi ndani ya wiki 2, wote chini ya miaka 50. Mdogo wao alikuwa mwanamke wa miaka 33, mzima wa afya. Alianza na kikohozi na maumivu ya kichwa, kisha ulimi ukawa mzito, mkono na mguu wa kushoto vikakosa nguvu. Alichelewa kwenda hospitali kwa kuiogopa Korona. Miaka 33 ndio umri wa wengi wetu.

Korona huweza kuifanya damu igande kwa urahisi. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo, sehemu ile huanza kufa.

Mwaka 2021 yakatufika. Mwenzetu, siku chache baada ya homa na kikohozi, alikuwa akitia shanga gauni la biharusi. Sindano ikamponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Tukamsemesha, maneno hayaeleweki, mdomo umekwenda upande. Bibi mmoja akasema ni upepo, kwanza anywe kombe.

"Bibi, tuwie radhi, dua tutaisoma njiani."

Tukaisoma kweli, garini, mpaka mlango wa hospitali. Alhamdulillah, leo anapokea wateja na kuandika vipimo. Shanga bado, vidole havijarudi sawasawa.

Dada zetu, kisomo na dawa havigombani, lakini saa haingoji. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya kupigwa picha ya kichwa. Mwambie mgonjwa atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, aseme maneno machache. Kimoja kikienda kombo, tazama saa, mpeleke hospitali hapo hapo, hata kama ni usiku wa kuamkia harusi. Usimpe chakula wala kinywaji; hata maji ya kombe yanaweza kumpalia. Na kama aliumwa Korona, mwambieni daktari bila ya kuona haya.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote. Amin.