Gari Lililolala

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi hapa Munuki, Juba, aliletewa Toyota Noah isiyowaka. Ukizungusha ufunguo inagonga mara moja, tak, kisha kimya. Kijana akachomeka mashine ya kusomea kodi za hitilafu chini ya usukani, akatazama simu, akaniambia, "Mzee, gari halina shida. Hakuna kodi hata moja." Mwenye gari amesimama palepale, jua linamchoma. Niliumia. Sina ugomvi na mashine. Ninayo yangu na inanisaidia. Lakini mashine husoma kile kilichowekewa sensa, na ndani ya stata ile hakuna sensa. Kilichoniuma ni kwamba hakuzungusha ufunguo mara ya pili akasikiliza.

Nilikuja Juba mwaka 2006. Ndivyo nisemavyo siku zote, ila juzi nilifungua pasipoti ya zamani na muhuri wa mpakani Nimule unasema Februari 2007. Basi. Mafundi wengi wa Kenya tulitoka Lokichoggio, tulikokuwa tukitengeneza Land Cruiser za mashirika ya misaada. Mashirika yalipohamia huku, nasi tukafuata mkate. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192, na siku zile hapakuwa na lami. Gari likifika, ukifungua stata unamwaga vumbi jekundu.

Gereji yetu ya Munuki ilikuwa mwarobaini mmoja mkubwa na mkeka. Chini yake alikaa mzee mmoja, mwenyeji, aliyejifunza ufundi Khartoum. Mimi sikujua Kiarabu cha Juba, yeye hakujua Kiswahili, kwa hiyo miezi ya mwanzo tulizungumza kwa milio. Alipiga ulimi haraka haraka, tik-tik-tik-tik, akaonyesha betri: umeme hautoshi, au vichwa vya betri vimeota ule unga, swichi ya stata inashika na kuachia. Aligonga bati mara moja kwa ukucha, tak, akaonyesha stata yenyewe: kopa za ndani, vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme, zimeliwa. Alisaga meno hadi mimi nikakunja uso: bendiksi, ile gia ndogo ya stata, haikamati meno ya flaiwili. Alipiga mluzi mwembamba: stata inazunguka peke yake, injini haina habari. Na akilia kama paka aliyekanyagwa mkia, ni mkanda wa feni umelegea. Hata leo nikisikia gari linalia, kwanza namwona yeye akiliiga.

Neno la kwanza la Kiarabu alilonifundisha ni *num*, kulala. Hakukubali kulihukumu gari lililokuja likitembea. Lilale hapa. Alfajiri, kabla mtu hajagusa ufunguo, alifungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa sikio, akafumba macho, akanitikisia kichwa niwashe. Sauti aliyoitafuta huishi sekunde mbili tatu tu. Usiku kucha oili imeshuka chini, kifaa kinachokaza cheni ya taimingi kimebaki kitupu, na cheni inachezacheza mpaka presha ipande. Ukiendesha gari hilo hadi gereji, linafika limepata moto, linanguruma vizuri, na fundi anakwambia gari ni zima. Mzee alikuwa akifungua filta ya oili, anachungulia ndani kutafuta ile valvu ya mpira inayozuia oili isirudi chini. Filta za bei rahisi nyingi hazikuwa nayo, na alizitupa kwa hasira.

Harufu ya pale bado ninayo puani: petroli ndani ya kopo la maziwa ya unga, unga mweusi wa kaboni, vanishi ya nyaya iliyoungua, na maua ya mwarobaini juu ya yote. Aliosha stata kwa mswaki wa zamani kama mtu anayeosha miguu ya mtoto.

Lami ilipokamilika mwaka 2012 magari yakamiminika kutoka Uganda: Premio, Probox, Noah, na stata kuukuu kwa magunia. Baada ya vita vya Desemba 2013 sikumwona tena mzee. Niliambiwa amevuka mpaka. Baada ya mapigano ya Julai 2016 nami niliondoka, nikarudi. Mwarobaini ulishakatwa, pamejengwa maduka ya spea. Sasa fundi akisikia tak anasema "badilisha stata", na mteja ananunua kwenye rafu stata nyingine iliyotoka kwenye gari lililokufa, yenye kopa zilizoliwa vilevile. Miezi mitatu, anarudi. Pesa hiyo ni karo ya mtoto wake, na kilichokufa ni kipande kisichozidi pingili ya kidole.

Kwenye ile Noah nilimwambia kijana awashe taa kubwa kwanza, ndipo azungushe ufunguo. Tak. Taa hazikufifia hata kidogo. Nikamuuliza, kama betri ingekuwa imechoka, taa zingefanyaje? Akafikiri. "Zingezimika, mzee." Tukapima: volti 12.6, na ufunguo ukizungushwa haishuki. Umeme upo ila hauvuki. Tukashusha stata, tukafungua kifuniko cha swichi. Kopa moja ilikuwa nzima, ya pili imeliwa upande hadi imekuwa kama kisu, na kile kisahani kinachoziunganisha kimeungua sehemu moja. Nilikigeuza kisahani, tukazisugua kopa, tukarudisha. Ikawaka mara moja.

Kazi hiyo itashika wiki mbili tu, nami nilimwambia mwenye gari hivyo. Kopa peke yake hapa ni shida kupata, kila duka linataka kukuuzia stata nzima. Nimeagiza jozi kumi Kampala. Basi linafika Alhamisi, na nimemwambia alilete gari Jumatano jioni, lilale hapa.