Wall Street kwa Miguu

Mwana wa dada yangu anaishi Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson, na dirisha la sebule yake linatazama Manhattan moja kwa moja. Nilipofika kumtembelea alidhani nitataka nianze na Sanamu ya Uhuru. Nikamwambia sanamu haina haraka. Mimi ni mtu wa bandari. Maisha yangu ya kazi yameishia katika makaratasi ya kugomboa mizigo Dar es Salaam, na malipo mengi ya dola niliyowahi kuyafuatilia yalikuwa lazima yapitie benki ya New York kabla ya kumfikia mwenye mali, hata kama mali yenyewe imetoka Guangzhou kwenda Kariakoo. Nilitaka kuuona mtaa uliokuwa ukinichelewesha.

"Basi mjomba, tutalipia matembezi ya kuongozwa," akasema. "Mimi mwenyewe napita pale kila siku na sijui kitu."

Tukavuka kwa treni inayopita chini ya mto, tukatembea hadi Bowling Green, kibustani kilicho chini kabisa ya barabara ya Broadway. Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo, sauti kavu, viatu vya mtu anayejua atasimama kutwa. Zamani alikuwa karani ndani ya soko la hisa, enzi za makaratasi na kupiga kelele. Kundi lilikuwa dogo, wengi wao Wamarekani kutoka majimbo ya mbali, na wengine walikuwa tayari wana njaa.

Alianzia mahali ambapo ningeanzia hata mimi: forodhani. Jumba kubwa la mawe linalotazama bustani lilikamilika 1907, kazi ya msanifu Cass Gilbert, likiwa forodha ya bandari ya New York. Leo lina jumba la makumbusho la Wahindi Wekundu na mahakama ya kesi za kufilisika. Akatueleza jambo ambalo wenzangu walilipokea kwa mshangao nami nikalipokea kwa kuitikia kwa kichwa: kabla ya kodi ya mapato kuanzishwa 1913, serikali ya Marekani iliendeshwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa forodha, na bandari hii ndiyo iliyokuwa ikikusanya fungu kubwa kuliko zote. Ndiyo maana jengo la watoza ushuru limepambwa utadhani ni kasri la mfalme.

Mbele yake pana sanamu nne za wanawake walioketi, kila mmoja bara lake, zilizochongwa na Daniel Chester French, yule yule aliyemchonga Lincoln aliyeketi kule Washington. Amerika ameinuka kidogo kitini, macho mbele, kama mtu anayeitwa kazini. Ulaya ana kiti cha enzi. Asia amefumba macho, katulia. Afrika amelala. Amelala usingizi kabisa, nusu uchi, mkono mmoja juu ya simba na mwingine juu ya sphinx ya Misri. Mwongozaji aliongeza haraka kwamba hayo yalikuwa mawazo ya zama zile. Nikamjibu kwamba naelewa, lakini ni ajabu kumchonga mtu amelala kwenye mlango wa forodha, ilhali mzigo wake umeshashushwa. Alicheka, na tangu hapo akawa ananiangalia kila alipotaja meli.

Fahali wa shaba tulimpita upesi, nami nashukuru. Arturo Di Modica, mchongaji aliyetoka Sicily, alimtengeneza kwa fedha zake baada ya bei za hisa kuporomoka 1987, na usiku mmoja wa Desemba 1989 akamshusha kwa lori mbele ya soko la hisa bila kibali cha mtu. Wakuu wa soko wakaagiza aondolewe. Watu wa mji wakampenda. Jiji likamtafutia nafasi hapa chini. Ana uzito wa zaidi ya tani tatu, na foleni ya kupiga naye picha ina ncha mbili, moja mbele na nyingine nyuma, na ya nyuma ndiyo ndefu. Sina la kuongeza.

Kilichonishika ni barabara ya Pearl. Mwongozaji alisimama katikati ya njia, mabasi yakipita, akatuambia kwamba wakati Waholanzi wanaujenga mji huu, miguu yake ingekuwa inalowa. Hapo ndipo ulipokuwa ufuo. Kisha watu wakajaza takataka, mawe na mabaki ya meli, wakapata ardhi, wakajenga Water Street. Wakajaza tena, wakapata Front Street. Wakajaza tena, South Street. Kila barabara ilikuwa gati kwa zamu yake. Nilihesabu hatua kutoka ufuo wa zamani hadi maji ya leo nikaona kwamba robo nzima ya mtaa wa fedha imesimama mahali palipokuwa bahari. Kwa hiyo majumba haya hayakuja hapa kwa sababu ya benki. Benki zilifuata madalali, madalali walifuata wenye mizigo, na wenye mizigo walifuata kina cha maji.

Pembeni mwa Wall Street, karibu na Water Street, kuna kibao ambacho jiji lilikiweka 2015 tu. Hapo, ukingoni mwa maji, palikuwa na soko la manispaa la kuuza na kukodisha watumwa, Waafrika na wenyeji wa asili, kuanzia 1711 hadi 1762. Katika miaka hiyo, takriban mtu mmoja kati ya kila watano wa mji huu alikuwa mtumwa. Ule ukuta ulioupa mtaa jina, uliojengwa na Waholanzi 1653 kujikinga na Waingereza, nao ulisimamishwa kwa mikono ya Waafrika waliotumikishwa. Mwongozaji alisema hayo bila kupunguza wala kupaka rangi, lakini alikuwa na saa yake, na kundi likasogea. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Nimewahi kusimama Mkunazini, Unguja, ambako soko lilifungwa 1873 na juu yake likajengwa kanisa kuu. Kule huwezi kupita bila kujua ulipo. Hapa unapita ukiwa na kikombe cha kahawa na hujui lolote, kwa sababu kibao ni kidogo na majengo ni makubwa.

Hatua chache juu, mbele ya palipokuwa nambari 68, ulikuwepo mti. Mei 17, 1792, madalali 24 walitia sahihi karatasi yenye maneno machache sana: kwamba hawatatoza chini ya robo ya asilimia moja, na kwamba watapeana wao kwa wao kipaumbele katika biashara. Basi. Hiyo ndiyo mbegu ya soko la hisa la New York. Wamarekani wenzangu walitarajia kitu kitukufu zaidi. Mimi nilitambua mara moja: ni watu wa kazi moja wamekubaliana bei ya chini wasije wakauana njaa, na wamewafungia mlango wapiga mnada. Miezi miwili kabla, mlanguzi aliyeitwa William Duer alikuwa amefilisika na kuwavuta wengine naye shimoni, na soko lote likatetemeka. Baada ya msukosuko kama huo, kila mtu huanza kuuliza nani ana neno la kuaminika. Walichokuwa wakiuziana kwa wingi zilikuwa hati za deni la serikali, lile la vita vya uhuru, ambalo Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha, alilibeba lote kwa jina la taifa. Mwaka uliofuata walianza kujenga nyumba ya kahawa pembeni hapo, wakauza hati ndani huku mizigo ikinadiwa nje.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza mwongozaji kama anaijua Sultana.

Hakuijua. Nikamwambia: ni meli ya Sayyid Said bin Sultan, iliyotoka Maskati, ikapitia Unguja, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kutia nanga New York Aprili 30, 1840. Ndani yake kulikuwa na tende na kahawa, na kutoka kwetu pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi. Aliyesimamia shauri zima alikuwa Ahmad bin Naaman, na watu wa jiji walimfurahia hata wakamwita Edward Mooney amchore picha akiwa na kilemba chake. Rais Van Buren aliletewa zawadi, farasi wa Kiarabu miongoni mwake, na kwa kuwa sheria haikumruhusu kuzipokea, ikabidi Bunge lijadili farasi. Jeshi la majini likaikarabati meli Brooklyn, nayo ikarudi imejaa bunduki, baruti na marobota ya merikani.

"Aprili 30," mama yule akasema, akageuka kuonyesha juu ya mtaa. "Siku ile ile George Washington aliyoapa urais pale, 1789."

Pale palipoonyeshwa pana jengo la nguzo za Kigiriki, Federal Hall, na Washington wa shaba amesimama ngazini. Jengo la kiapo lilishabomolewa zamani. Hili la sasa lilikamilika 1842, na nilipoambiwa lilijengwa kwa kazi gani nilifurahi kama niliyepata risiti iliyopotea: lilikuwa forodha. Maana yake Ahmad bin Naaman aliliona likiwa bado na majukwaa ya mafundi, katika mtaa ambao miaka minne na ushei kabla ulikuwa umeteketea kwa moto wa Desemba 1835, maji yakiganda ndani ya mipira ya wazima moto na majengo takriban 700 yakiisha. Alikuja kuuza katika mji ambao sehemu yake ilikuwa imejengwa upya.

Ng'ambo ya njia ni nambari 23, jengo la J.P. Morgan. Halina jina mlangoni, walijiona hawahitaji. Ukutani kuna mashimo, mengine makubwa ya kuingiza ngumi. Septemba 16, 1920, adhuhuri, gari la farasi lililojaa baruti lililipuka hapo na kuua watu wapatao 38, wengi wao vijana wa kutumwa, makarani na wachapaji. Morgan mwenyewe alikuwa safarini. Hakuna aliyewahi kushtakiwa, na wenye jengo waliamua kutoziba mashimo. Kila mmoja wetu aliyagusa.

Soko la hisa lenyewe liko kona inayofuata, nguzo sita ndefu, jengo la 1903. Roshani ya wageni imefungwa tangu Septemba 2001, kwa hiyo tulitazama kwa nje. Mwongozaji alitusimulia jinsi ukumbi ulivyokuwa: maelfu ya watu, ishara za vidole, vikaratasi vikijaa sakafuni hadi vifundoni. Sasa kengele hupigwa saa tatu na nusu asubuhi kwa ajili ya kamera, na biashara yenyewe hufanywa na mashine zilizoko Mahwah, New Jersey.

"Huko ni kwetu," mpwa wangu akaninong'oneza. "Ni maghala matupu tu, mjomba."

Ndivyo mtaa ulivyo. Benki nyingi zimehamia katikati ya jiji, na kumbi zao za marumaru zimekuwa nyumba za kupanga na maduka. Mchana ule niliona mbwa wengi kuliko watu wenye tai. Kilichobaki kweli kimelala chini ya Benki Kuu ya New York katika barabara ya Liberty, mita 24 chini ya barabara, juu ya mwamba: zaidi ya tani 6,000 za dhahabu, nyingi yake mali ya nchi nyingine. Zamani nchi moja ikiilipa nyingine, wafanyakazi walisukuma matofali kwa mikokoteni kutoka chumba hadi chumba, na deni likaisha. Nilimweleza mpwa wangu kwamba hilo ni ghala la forodha kama maghala yetu ya Kurasini, mali inabadili mwenyewe bila kutoka mlangoni. Alisema sasa ndipo ameelewa benki kuu.

Ziara iliishia hapo. Tulimpa mama yule bahasha, naye akaniomba nimwandikie jina la Ahmad bin Naaman kwenye daftari lake, akaniuliza mara mbili lina herufi gani.

Sisi tuliendelea na Broadway hadi mtaa wa Duane, nje ya mipaka ya matembezi. Mwaka 1991, wachimbaji wa msingi wa jengo la serikali walikuta makaburi ya Waafrika yaliyosahaulika chini ya ghorofa na maduka. Inakadiriwa walizikwa humo watu 15,000. Mabaki ya watu 419 yalichimbuliwa, yakachunguzwa, na 2003 yakarudishwa ardhini ndani ya majeneza. Hapo hakukuwa na foleni. Kijana mmoja alikuwa akila sandwichi kwenye ukingo wa ukuta, na askari wa hifadhi akatufungulia mlango kwa adabu.

Njaa ikatuingiza kwenye mkahawa. Mpwa wangu alikuwa bado na Sultana kichwani. Alitaka kujua zile pembe za ndovu zilikwenda wapi. Nikamwambia sijui za meli ile, lakini pembe za Unguja karne ile ziliishia zaidi Connecticut, katika vijiji viwili, Deep River na Ivoryton, vilivyokata vibao vya piano za Marekani. Akatoa simu. Treni ya kwenda upande huo, akasema, huanzia Grand Central, unabadilisha New Haven. Nikamwambia aangalie ya kesho asubuhi.