Haki ya Kusimamia Uzamifu: Baina ya Mhuri na Ujuzi

Haki ya kutunuku shahada ya uzamifu si ya mhadhiri binafsi, hata awe mbobevu kiasi gani. Ni haki ya chuo kikuu. Msimamizi huongoza, watahini hupima na kupendekeza, seneti huidhinisha. Utaratibu huu unaeleweka. Linalostahili kujadiliwa ni iwapo mhuri na ujuzi hukaa nyumba moja daima.

Historia ya Nairobi yadhihirisha kwamba sivyo. Nairobi ilipopata hadhi ya chuo kikuu kishiriki mnamo 1961, wanafunzi wake walisomea shahada za London. Kuanzia 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Ni mwaka 1970, muungano huo ulipovunjwa, ndipo ilipopata mhuri wake yenyewe. Hakuna atakayedai kwamba wahadhiri wake walikuwa wajinga 1969 wakaerevuka mwaka uliofuata. Kilichobadilika ni mamlaka, si maarifa.

Katika fasihi ya Kiswahili pengo hili ni bayana zaidi. Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mwana wa Lamu aliyeishi Mombasa, hakuupata ujuzi wake katika kumbi za chuo kikuu. Hata hivyo, watafiti wa hapa nchini na wa ng'ambo walimwendea wakitafuta maana za maneno ya tenzi za kale. Utenzi wake wa *Sambo ya Kiwandeo*, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, umehifadhi msamiati wa waunda vyombo ambao kamusi nyingi haziujui. Lakini kwa kanuni ya kawaida, msimamizi wa uzamifu sharti naye awe na uzamifu. Mtu wa aina yake huishia katika ukurasa wa shukrani.

Elimu ya jadi ya pwani ilikuwa na njia nyingine. Ijaza ilitolewa na shehe kwa mwanafunzi aliyesoma mbele yake. Aliyefundisha ndiye aliyeidhinisha. Udhaifu wake ni kwamba ilitegemea uadilifu wa mtu mmoja. Mhuri wa taasisi nao una udhaifu wake. Mnamo Juni 2019, chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya kilitunuku shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikachunguza. Haki ya kutunuku chuo kilikuwa nayo. Lililotiwa shaka ni usimamizi: nani alizisoma tasnifu hizo, na kwa makini gani?

Uzamifu umetokana na kuzama, na mzamaji huhitaji mtu juu ya maji anayekijua kina. Mtahiniwa akilifasiri vibaya neno la Kiamu, na wasimamizi wake wasilijue, kosa hupigwa mhuri, hunukuliwa, na baada ya miaka kumi huwa ushahidi. Hapana haja ya kuvunja kanuni. Yatosha seneti iruhusu mjuzi asiye na shahada aisome tasnifu kabla ya utetezi, na maoni yake yawekwe mbele ya watahini. Sahihi ibaki ya chuo. Lakini wajuzi hawa wanapungua kila mwaka, na kanuni itakayowakaribisha baada ya kuzikwa itakuwa imemkaribisha nani?