Mtoto wa Jicho

Lugha imeupa ugonjwa huu jina la upole, lakini mtoto huyu hanyonyi maziwa, hunyonya nuru. Alimwandama nyanya mmoja wa Voi, mwuza mboga, hata wateja wasio na haya wakawa wanampa noti ya hamsini wakidai ni ya mia.

Upasuaji aliukataa. Aliambiwa kwamba jicho hung'olewa, likaoshwa, kisha likarudishwa. Muuguzi ndiye aliyemtoa hofu, kwa Kiswahili chepesi: "Nyanya, jicho halitoki mahali pake. Utatiwa ganzi, lakini utakuwa macho. Tutaondoa lenzi iliyoingia ukungu na kutia nyingine ya plastiki. Haifiki saa moja."

"Kuwa macho ndiko kulikonileta," akajibu.

Lenzi ya namna hiyo ilitiwa kwanza na Harold Ridley, London, mwaka 1949. Nyanya hakumjua, alilojua ni mwanga mkali juu yake na sauti za waliomhudumia.

Kesho yake kitambaa kiliondolewa. Jicho liliwasha kama lililoingia mchanga, na vitu vilikuwa bado na utusitusi. Alionywa asilifikiche, asiinue mizigo, atie dawa ya matone kwa majuma kadhaa, na arejee mara moja akipatwa na maumivu makali au nuru ikififia.

Baada ya siku chache alimwita mjukuu wake wa miaka miwili, ambaye hadi hapo alimjua kwa sauti tu. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una uso wa marehemu babu yako," akasema.