Kikohozi na kodeini

Wadau, juzi nimetoka Kilosa kikazi na mafua yangu, nikashuka Mikumi kutafuta dawa. Dukani nikamkuta dereva wa lori anataka dawa ya maji yenye kodeini, eti mwanawe wa miaka minane halali kwa kikohozi. Dada muuzaji akakataa katakata. Jamaa akafoka!

Jamani, dada yuko sahihi. Kodeini ikifika kwenye ini hugeuka mofini, na wapo watoto ambao miili yao huigeuza haraka mno, pumzi ikakatika usingizini. Mwaka 2018 Marekani ilisema dawa za kikohozi zenye kodeini wasipewe walio chini ya miaka 18. Dada akamshauri asali na maji ya uvuguvugu (asali ni kwa aliyevuka mwaka mmoja tu). Kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe TB.